AG yetu imerudi barabarani: tulichofanya, tulichoharibu, na deni lililobaki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba katika mkutano wa Baraka)



Mulituomba siye watatu wa kamati tueleze namna pikipiki imefufuka na pesa za sanduku zilienda wapi. Tutasema yote, hata pale panapotutia haya.

Wengi wenu munaijua Yamaha AG100. Manesi wa chanjo, watu wa kilimo, wachungaji, na siye wa mashirika, wote tumeitembelea. Haina mbio. Lakini mnyororo wake umefunikwa pande zote, matope hayauli haraka, na iko na keria mbele na nyuma. Kwa njia ya Fizi wakati wa mvua, hiyo ni mali.

Ile yetu tuliinunua mradi mmoja ulipofungwa. Ilitembea, ikachoka, kisha ikalala miaka mitatu nyuma ya ofisi, kuku wakataga chini yake. Wakati huo huo kila mgonjwa alikodiwa pikipiki ya watu, na usiku bei inapanda mara mbili. Munakumbuka yule mama aliyebebwa kwa tipoyi tangu usiku wa manane, juu sanduku lilikuwa tupu. Mama alipona. Mtoto hakufika hai. Baada ya siku ile hakuna aliyesema tena kwamba AG iuzwe kama chuma.

Ya pili, ya kutoa vipande, ni ya mama mjane mmoja wa kwetu. Marehemu mume wake aliiacha na fremu imepasuka na foku za mbele zimepinda. Mama alituambia: «Nitawapa, lakini munipe karatasi. Isiseme kesho kwamba niliwatupia takataka.» Alikuwa na haki. Tuliandika karatasi mbele ya shefu: dola 80, kwa kulipa kidogo kidogo.

Siku ya kwanza hatukufungua hata bolti moja. Tulitandika shitingi mbili, moja kwa kila pikipiki, tukakusanya mikebe ya maziwa na kuandika juu yake kila kitu kitakachoingia. Kisha tukagawa mafungu matatu: kinachofaa, kinachotengenezeka, na cha kutupa. Fremu, foku na moteri tuliacha za kwetu, juu namba zake ndizo ziko kwenye karatasi za pikipiki. Ukibadilisha fremu au moteri nzima, siku ya kizuizi utaeleza mpaka jua litue. Kwa ile ya mama tulitoa gurudumu la nyuma, kabureta, lever za mikono, na kebo moja nzima.

Mafundi walikuwa wawili. Mmoja alijifunza kazi kambini Nyarugusu, anasema plagi, klachi, ringi. Mwingine hakuondoka hapa, anasema buji, ambreyaji, segma. Tulicheka, mpaka siku tulipotuma kijana Uvira na orodha iliyoandikwa «ringi». Muuzaji akamwonyesha ringi za magurudumu, na kijana akatupigia simu kuuliza kama pesa zitatosha. Tangu siku hiyo orodha inaandikwa kwa maneno yote mawili, na kipande cha zamani kinasafiri pamoja nayo mfukoni. Musitume mtu na jina tu.

Sasa kosa letu. Moteri ya AG inahitaji oili ndani ya petroli. Oili iko na tanki yake ndogo, na pampu ndiyo inaipeleka. Kwa miaka mitatu ile njia ilikauka, ikajaa hewa. Fundi alisema: «Muache mpaka kesho, sijatoa hewa kwenye pampu.» Lakini moteri ilikuwa imewaka kwa kiki ya nne, watu wanapiga makofi, na siye tulitaka ionekane Jumapili mbele ya kanisa. Tuliona oili ndani ya tanki, tukaamini inafika. Kabla ya kilomita kumi moteri ilipunguza nguvu, ikalia, ikafunga. Gurudumu la nyuma likaburuta. Pistoni ilikuwa imekamata ndani ya silinda, na ringi mpya zimekwisha.

Haraka haina baraka, na siye tulikuwa Baraka yenyewe. Fundi hana kosa. Tulisukuma mpaka nyumbani.

Kilichotuokoa ni silinda ya mama, ambayo tulikuwa tumeiweka fungu la pili. Mume wake aliwahi kuichonga na kuitia pistoni ya saizi kubwa, 0.50. Ilihitaji ringi tu, za saizi ile ile. Fundi alibadilisha pia joint na sili zote za moteri, juu zikikauka zinavuta hewa, petroli inapungua, moto unazidi, na pistoni inakamata tena. Kisha akafungua skrubu ndogo ya pampu mpaka oili ikatoka bila povu. Tanki ya kwanza ya petroli tuliichanganya na oili kwa mkono pia, nusu desilita kwa litre moja. Wiki nzima tulitembea polepole, tukisimama ipoe.

Hesabu ni hii, kwa dola: tairi mbili na mipira ya ndani 70, joint na sili 25, ringi za kwanza 15, ringi za pili 15, breki za mbele na nyuma 10, buji na kebo 15, safari ya Uvira 20, mafundi wawili 60. Jumla 230. Zile 15 za ringi za kwanza tumezirudisha siye watatu kutoka mifuko yetu. Sanduku limetoa 215. Risiti ziko kwa karani, mutu yeyote aende kuangalia.

Tunaomba mambo matatu. La kwanza, isifanye teksi, hata siku moja. Mgonjwa kwanza, na kila safari iandikwe kwenye daftari: nani, wapi, kilomita ngapi, litre ngapi. La pili, vipande vilivyobaki visiuzwe. Silinda yetu iliyokwaruzwa bado inaweza kuchongwa, na kinachotolewa kwenye mikebe kiandikwe.

La tatu ndilo kubwa. Kati ya dola 80 za mama tumelipa 30. AG imekwisha kutoka mara nne na wagonjwa, moja usiku wa mvua, na inatembea kwa silinda yake. Tunaomba michango ya mwezi huu imalize zile 50 kabla ya kununua kitu kingine. Mama yuko hapa, amekaa mstari wa mbele, na karatasi yake anayo mkononi.