Figo la Mtoto Lililovimba

Wazee wetu, akina mama, nanyi waalimu: twataka kusema habari za figo la mtoto, kwa kuwa figo laweza kuharibika pasipo maumivu, na mzazi asijue neno lo lote.

Mkojo hutoka figoni, hupita katika mrija mwembamba hata kibofuni. Mrija ukizibwa, au mkojo ukirudi juu, figo hujaa na kuvimba. Watoto wengine huzaliwa na kizuizi hicho. Lakini katika nchi za pwani yetu, pamoja na Unguja na Pemba, kuna kichocho pia. Mayai ya wadudu wake hukaa katika kuta za kibofu na za mrija, nazo hunenepa na kuwa ngumu. Mtoto akikojoa damu, wako wasemao kwamba ni dalili ya kubalehe tu. Sivyo kabisa.

Mtambo wa altrasaundi hutoa sauti nyembamba mno, isiyosikika kwa sikio la mtu. Sauti hiyo huingia mwilini na kurudi kama mwangwi, nao mtambo huugeuza kuwa picha. Maji huonekana meusi. Basi figo lililojaa mkojo huonyesha kama ziwa jeusi katikati, na mganga hulipima kwa milimita. Hakuna kisu wala sindano, ila ule ute wa baridi upakwao mwilini, ambao watoto huucheka.

Mtoto hunyweshwa maji kwanza, kwa kuwa kibofu kitupu hakionyeshi kuta zake vema. Lakini kibofu kikijaa sana, hata figo zima laweza kuonekana limevimba kidogo. Kwa hiyo likionekana hivyo, yapasa akojoe, kisha apimwe mara ya pili. Mzazi mwenye haraka, aondokaye kabla ya hapo, huenda akachukua nyumbani hofu isiyo na sababu. Mtoto mchanga kwa kawaida hungojewa hata zipite saa 48 tangu kuzaliwa, maana siku za kwanza mkojo wake ni haba, na uvimbe hujificha. Isipokuwa mvulana adhaniwaye kuwa na kizuizi chini ya kibofu, huyo hangojewi.

Picha huonyesha umbo la figo, si nguvu zake. Hata hivyo, mtoto wa kichocho akipewa prazikwanteli mapema, mara nyingi uvimbe hupungua baada ya miezi kadhaa, nayo picha ya pili hushuhudia. Makovu ya zamani hayaondoki hivyo. Basi waalimu, mkisikia mtoto akojoa damu, mwambieni mzazi wake siku ile ile, aende naye hospitali.