Mbegu Iliyodharauliwa
(Mazungumzo ya asubuhi katika redio)

Ninawasalimu ninyi mlio Homa Bay na Migori, mnaotusikiliza kabla ya kushika jembe. Somo letu ni Zaburi ya 118, pale panaposimuliwa habari za jiwe ambalo mafundi waliliweka kando, nalo baadaye likawa ndilo linaloshikilia nyumba.

Mama mmoja wa kanisa letu alinijia na kikapu cha muhogo. Shamba lake lote alikuwa amepanda mbegu moja, ile mpya isiyougua batobato. Majani yalikuwa ya kupendeza. Lakini alipokata mzizi mbele yangu, ndani mlikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama gome. Wa pili ulikuwa vivyo hivyo, na wa tatu. Alikuwa na watoto sita wa kulisha. Akaniuliza, "Mchungaji, nimemkosea Mungu nini?" Niliomba pamoja naye, lakini nakiri kwamba sikuwa na jibu.

Leo ningemwambia: Mama, hiyo si laana, wala si uchawi wa jirani. Ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Huenezwa na inzi weupe wadogo sana, na pia na pingili tunazogawana. Mbegu yako ilikuwa na nguvu ya kushinda batobato, lakini haikupewa nguvu ya kushinda ugonjwa huu wa pili.

Na nguvu ile ya kwanza ilitoka wapi? Sikilizeni. Muhogo si mzaliwa wa Afrika. Uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Batobato ilipouvamia, mihogo mingi haikuwa na kinga. Katika miaka ya 1930, kwenye kituo cha Amani, milima ya Usambara huko Tanganyika, wataalamu Storey na Nichols walitafuta msaada kwa ndugu wa muhogo, yaani mti wa mpira uliokuwa umepandwa na Wajerumani kwa ajili ya utomvu. Bei ya mpira ilipoanguka mwaka 1913, mashamba mengi ya miti hiyo yaliachwa. Mizizi yake haisifiwi kama ya muhogo. Lakini mti huo ulikuwa na nguvu za kustahimili ugonjwa.

Wakauoza na muhogo. Watoto waliozaliwa walikuwa na nguvu, lakini mizizi yao haikufaa. Wakawaoza tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mpaka mizizi ikanenepa na nguvu ikabaki. Baadhi ya uzao huo ulipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, ukaendelezwa huko Ibadan. Batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, kisha ikavuka mpaka na kuingia kwetu magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, mbegu za ukoo huo ndizo zilizorudisha chakula mezani. Mojawapo iliitwa Migyera. Ndugu zangu, ugali wa muhogo na mtama tunaokula Migori una deni kwa mti uliodharauliwa.

Tena kuna jambo lingine. Uzao mmoja wa Amani ulibaki mikononi mwa wakulima wadogo. Huko Pwani ya Kenya waliuita Kaleso, na kusini mwa Tanzania wakauita Namikonga. Kazi ya Amani ilikwisha, lakini wakulima hao waliendelea kupanda, mwaka hata mwaka. Nao ndio wanaotumiwa sasa na wataalamu kutafuta kinga ya michirizi ya kahawia. Watu wale hawakujua kwamba walikuwa wakitunza hazina ya wengine.

Mpendwa, Mungu hakuweka karama zote katika mbegu moja. Wala hakuziweka zote katika mtu mmoja. Mtakatifu Paulo aliwaeleza Wakorintho habari za mwili wenye viungo vingi. Tukipanda aina moja shamba zima, ugonjwa mmoja hutosha kutuletea njaa. Tukimsikiliza tajiri peke yake kanisani, na mjane tukamketisha nyuma, tumepoteza nguvu ambayo tutaihitaji siku ya taabu.

Basi, usiing'oe mihogo ya bibi yako kwa sababu tu ni ya zamani. Panda aina mbalimbali, na mtama na viazi pia. Lakini usigawe pingili za shamba lenye ugonjwa, hata kwa upendo; upendo hautoi sumu. Muulize ofisa wa kilimo mahali pa kupata mbegu safi.

Yule mama aliletewa unga na majirani watatu. Mmoja wao alikuwa mtu ambaye hawakusalimiana kwa miaka miwili. Hapo ndipo nilipolielewa lile jiwe la Zaburi.

Tuombe. Ee Bwana, Muumba wa kila mbegu, utusamehe kwa yale tuliyoyadharau. Utufundishe kutunza, kuchagua kwa busara, na kugawana kilicho safi. Uwalishe wenye njaa leo, kwa mikono yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.