Sura ya Keki Hutokana na Moto



Mnunuzi hutazama kabla ya kuonja. Keki iliyopasuka juu na kuungua chini hubaki kwenye trei, na unga, mayai na siagi ya mwokaji vimekwenda bure. Wengi wanaoanza hudhani dawa ni kuipaka krimu. Krimu huficha ila, haiiondoi.

Moto ukiwa mkali mno, uso wa keki hukauka kabla katikati haijainuka. Katikati inapofura, hupasua uso huo. Anayeoka kwa sufuria aweke makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko; keki haitaungua chini, na juu itapata rangi ya kahawia. Mwenye oveni aiwashe mapema, kwenye nyuzi 180.

Keki iliyobonyea katikati mara nyingi ilifunuliwa kabla ya kushika, au ilitiwa poda ya kuokea kupita kiasi. Unga ukishatiwa, ukorogwe hadi uchanganyike tu. Ukikorogwa sana, keki huwa ngumu na kuchongoka juu.

Kwa keki ndogo, kila kikombe kijazwe theluthi mbili, kwa kijiko kile kile, ili zote zilingane.

Mwisho, mwokaji abadilishe jambo moja tu kila anapooka, na aliandike kwenye daftari. Hapo atajua kosa lilikuwa wapi, bila kupoteza unga mwingine.