HERUFI NENE NA KAZI YAKE

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Fumba, Unguja)



Leo tunazungumza juu ya herufi. Msiseme, "Aa, herufi tumeshamaliza." Mmemaliza kuzijua majina. Leo tutazame maumbo yake: kwa nini nyingine ni nene na nyingine nyembamba, na kila moja imewekewa kazi gani.

Hebu kila mama atazame kanga aliyojifunga. Kuna pindo, kuna mji, na kuna jina. Zamani majina ya kanga yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye zikaja hizi za Kirumi tulizosomea. Tazameni lile jina. Mara nyingi ni herufi kubwa tupu, nene, hazina mapambo. Kuna sababu. Rangi ikipigwa juu ya pamba hutambaa. Mstari mwembamba ungepotea, na kijistari kidogo kingegeuka doa. Tena kanga inatembea! Anayesoma yuko nyuma yako njiani, nguo inakunjika, naye hupata kutupa jicho mara moja tu. Herufi nene inayavumilia yote hayo.

Sasa fungueni kitabu. Katika vitabu vingi, chini ya I na T mtaona vijistari, kama vijiguu. Herufi za kanga hazina vijiguu. Kwa wachapaji, umbo hilo si la zamani sana. Kiasi cha mwaka 1816, William Caslon wa Nne, mtengeneza herufi wa London, alionyesha herufi za chapa za namna hiyo, nazo zilikuwa herufi kubwa tu. Baadaye matangazo ya ukutani yakaongezeka mijini. Kila mwenye duka alitaka aonekane kuliko jirani yake, na herufi zikazidi kunenepa. Zile kubwa kabisa zilichongwa kwa mbao, maana za risasi zingekuwa nzito mno.

Enhe, tuje kwenye kazi yetu. Wapo wenzetu wanaotaka kuandika kibao cha kikundi cha mwani, na wengine cha diko. Vipimo ni hivi. Herufi ya urefu wa sentimita 10 husomeka vizuri kwa mita 12 hivi. Ukitaka mtu aliye mita 24 asome, andika sentimita 20. Unene wa mstari uwe kiasi cha moja ya tano ya urefu. Yaani herufi ya sentimita 20, mstari wake sentimita 4. Ukizidisha sana, matundu ya A, B na R yanazibika. Tumeona kibao kimoja kando ya barabara, hatusemi cha nani, ambacho B na R zake kwa mbali ni mabonge mawili meusi.

Rula ni nzuri, lakini jicho lina hukumu yake. O ikichorwa sawasawa baina ya mistari miwili huonekana ndogo kuliko H. Basi fundi huiachia ipite kidogo juu na chini. Andikeni neno WAVUVI kwa kuacha nafasi sawa kwa rula. Mtaona W, A na V kama zimetengana, kwa sababu ya ubavu wao wa mshazari. Zisogezeni. Kisha rudini nyuma hatua ishirini mtazame tena.

Maneno yakiwa mengi, msiandike yote kwa herufi kubwa. Kule Uingereza, Jock Kinneir na Margaret Calvert walipotengeneza alama za barabara kuu, zilizoanza kutumika mwaka 1958, walitumia herufi zisizo na vijiguu, lakini herufi kubwa ikawa ya mwanzo tu. Neno la herufi ndogo lina umbo lake, lina vichwa na mikia. Hilo huweza kumsaidia dereva kulitambua.

Lipo jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tuchague mada hii. Siku hizi Fumba karatasi zinakuja nyingi: za ardhi, za mikopo, za kazi za ujenzi. Juu pameandikwa kwa herufi nene MKOPO WA HARAKA. Mhitimu wetu anasoma vizuri kabisa, anafurahi, anatia saini. Riba je? Faini ya kuchelewa je? Dhamana ni shamba au ni chombo cha uvuvi? Hayo yamekaa chini, kwa herufi nyembamba ndogo kama chungu. Herufi nene ni kama mpiga mbiu: anaita watu, lakini mkataba haupo kinywani mwake.

Na hata herufi hizi nyepesi kusoma zina mtego. Bila vijiguu, I kubwa na l ndogo hufanana, na pengine 1 nayo huingia humo. O na 0 vilevile. Kwenye jina la mtu unaweza kubahatisha. Kwenye kipimo cha dawa, au namba ya kutumia pesa kwa simu, usibahatishe. Mwambie aliyekupa akusomee moja moja, nawe andika kwa mkono wako.

Mwenye karatasi ya namna hiyo nyumbani, na kama haoni vibaya wenzake kuiona, aje nayo darasani wiki ijayo. Tutaisoma pamoja, tukianzia chini.