Kipimo cha Damu ya Mama Mjamzito Kianze Mapema



Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilikubaliana na Serikali ya Tanganyika kujenga kituo cha elimu pale Kibaha, na mwaka 1970 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Waanzilishi wake waliweka mahali pamoja shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma za afya, kwa kutambua kwamba ujinga na maradhi ni maadui wanaotembea pamoja. Huduma zile za afya ndizo zilizokua hata ikapatikana Hospitali ya Tumbi, ambayo leo ni hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Kwa hiyo mazungumzo juu ya damu ya mama mjamzito yanamhusu mwalimu kama yanavyomhusu mganga.

Mama afikapo kliniki mara ya kwanza hutolewa damu kidogo. Wako wanaodhani kuwa damu hiyo hutafutwa virusi vya Ukimwi tu, na kwa hofu hiyo huchelewa kwenda. Ukweli ni kwamba hupimwa pia wingi wa damu, malaria, kaswende na kundi la damu. Chukua mfano wa kaswende. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa, miongoni mwa wanawake ambao hawakupimwa, takriban nusu ya watoto waliozaliwa wafu walipotea kwa ajili ya ugonjwa huo. Mtoto anayenusurika aweza kuzaliwa na kasoro za mifupa, macho au masikio. Kinga yake ni sindano ya penisilini, dawa ya bei nafuu, madhali imetolewa mapema.

Viko vipimo vingine vinavyotazama maumbile ya mtoto mwenyewe. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamepima katika damu ya mama protini itokayo kwenye ini la mtoto. Uti wa mgongo wa mtoto usipofunga, protini hiyo huvuja na kuzidi katika damu ya mama. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walitangaza kwamba vinasaba vya mtoto huelea ndani ya damu ya mama, na kuanzia mwaka 2011 kipimo cha vinasaba hivyo kikaanza kuuzwa katika nchi tajiri. Hufanywa kuanzia juma la 10 la mimba, na huonyesha uwezekano wa hali kama ile ya Down. Neno "uwezekano" lisisahauliwe: vipimo hivi huchuja tu, wala havitoi hukumu. Uthibitisho hutokana na uchunguzi mwingine, kama vile kupima maji ya uzazi.

Hapa ndipo penye swali zito. Je, kuna faida gani kujua jambo lisilo na dawa? Sheria ya Tanzania hairuhusu kutoa mimba ila kwa kuokoa maisha ya mama. Kwa hiyo faida ya kujua mapema ni kujiandaa: mama wa Maneromango au Mzenga ajifungulie mahali penye wataalamu, na mtoto mwenye mgongo wazi au kichwa kikubwa afikishwe upesi kwa madaktari wa upasuaji wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Thamani ya kipimo hupimwa kwa huduma inayokifuata. Kipimo kisichofuatwa na huduma humwachia mama hofu peke yake.

Tena, yako madhara ambayo hata kipimo bora hakiwezi kuyawahi. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Utafiti wa kimataifa uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulithibitisha kuwa asidi ya foliki ilipunguza ulemavu huo kwa asilimia 72 kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hiyo. Lakini dawa hiyo sharti imezwe kabla ya mimba kutungwa. Nchini Tanzania, kwa mujibu wa Utafiti wa Hali ya Watu na Afya wa mwaka 2015-16, ni takriban robo tu ya wajawazito waliofika kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa mwezi wa tano humsaidia sana mama, ila kwa uti wa mgongo vimechelewa.

Mwaka 2011 Serikali iliweka kanuni za kuongeza virutubisho, pamoja na asidi ya foliki, katika unga wa viwandani. Hata hivyo, mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya kijijini, na muhogo uliotwangwa nyumbani, hayapitii kiwandani. Kwa hiyo elimu haina budi kufika kule ambako unga huo haufiki.

Kazi hiyo ni ya mwalimu. Msichana afundishwe kabla hajaolewa umuhimu wa kisamvu, mchicha na kunde, na kuomba vidonge mapema. Mvulana naye afundishwe kuwa siko seli hurithiwa kwa baba na mama pia: wazazi wote wawili wakibeba chembe hiyo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Mwanamume asimwachie mkewe kliniki peke yake.

Mtumishi wa halmashauri naye ana wajibu wake: kuhakikisha kwamba vitendanishi na penisilini haviadimiki katika zahanati, na kwamba majibu hutolewa kwa siri na kwa heshima.

Hatimaye, mtoto akizaliwa na ulemavu, pasiwe na mtu wa kumtafutia mama yake kosa, laana wala mchawi. Mtoto huyo ni mwananchi kamili, naye ana haki ya matibabu, ya dawati darasani na ya jina lake kuitwa asubuhi pamoja na wenzake.