Maiki ya Kondensa Sebuleni: Kurekodi Sauti Nyumbani Garissa



Mada niliyopewa ni matumizi ya maikrofoni ya kondensa ya USB katika nyumba zetu. Najua mmekuja na nia mbalimbali. Huyu anataka kurekodi darsa, yule kipindi cha kupeleka redioni, na mwingine mashairi ya nyanya yake ambayo hayajaandikwa popote. Nitatetea jambo moja tu kwa wote: hapa Garissa, chumba unachoketi na saa unayorekodi vina uzito zaidi kuliko maiki yenyewe. Mwenye shilingi chache aanzie huko.

Kifaa chenyewe

Ndani ya maiki ya kondensa mna utando mwembamba sana uliopakwa metali, nao umewekwa karibu na bamba lenye chaji ya umeme. Sauti ikiutikisa utando, mwanya ulio kati yake na bamba hupanuka na kubana, na mabadiliko hayo ndiyo yanayogeuka kuwa mawimbi ya umeme. Kwa kuwa utando ni mwepesi, hushika mambo madogo madogo: mate mdomoni, mkufu unaogusa shanga, mbuzi wa jirani. Maiki ya kondensa ya studio kwa kawaida hudai volti 48 kutoka kwenye miksa. Ya USB hutosheka na volti 5 za kompyuta, kwani amplifaya yake ndogo na kigeuzi cha sauti kuwa tarakimu vyote vimo ndani ya kifaa. Unachomeka waya mmoja, kazi inaanza.

Mkiwa sokoni, tazameni mwisho wa waya kabla ya kutazama bei. Ziko kondensa za bei nafuu zinazokuja na pini ya milimita 3.5, kama ya hedifoni. Hizo si za USB hata kama sanduku lina picha ya kompyuta, na ukizichomeka kwenye laptopu mara nyingi sauti hutoka hafifu, ikiandamana na mvumo.

Nitasema pia jambo ambalo muuzaji hatalisema. Mtu ambaye dirisha lake linatazama barabara ya bajaji na bodaboda, na hana chumba kingine, anunue maiki ya dainamiki ya USB. Hiyo ni nzito ya kusikia, inataka uisogelee mdomoni, na kwa sababu hiyo huacha kelele nyingi za mbali. Kondensa ni ya mwenye utulivu.

Sebule

Nyumba nyingi za mjini ni kuta za mawe, sakafu ya saruji na paa la mabati. Ukiongea ndani yake chumba kikiwa kitupu, sauti inagonga kila upande na kukurudia, na kondensa inachukua yote. Ni vigumu kuuondoa mwangwi huo vizuri baadaye kwa programu. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unabaki hewani, hamia kwingine.

Kwingine ni wapi? Ni sebule. Wageni kutoka Nairobi huja na kutundika sponji za rangi ukutani, ilhali sebule ya Kisomali ina zulia sakafuni, matandiko na mito mizito imepangwa kuzunguka kuta, na mapazia marefu kutoka juu hadi chini. Hivyo ndivyo vitu vinavyomeza sauti. Keti chini, mgongo uelekee pazia zito, maiki iwe mbele yako juu ya mto mgumu au kigoda kilichofunikwa blanketi ili mtikisiko wa sakafu usipande. Kinachobaki ni dari. Kama mabati yako wazi, tungika mkeka au shuka nene juu ya pale unapoketi.

Herio, kibanda cha mikeka cha wafugaji, nayo nimeifikiria sana. Umbo lake la mviringo na mikeka yake huua mwangwi kuliko nyumba yoyote ya mawe. Lakini mkeka hauzuii kelele ya nje, na upepo hupenya. Katika boma lililotulia mbali na barabara ni mahali bora. Karibu na jenereta ya dukani, sivyo.

Feni na saa

Hapa ndipo penye mtihani wetu. Mchana wa Garissa joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na feni inazunguka kutwa. Feni hutia mvumo wa chini katika rekodi, na mbaya zaidi hupuliza upepo juu ya utando. Lazima izimwe. Basi rekodi vipande vifupi vya dakika kumi, washa feni, pumzika, rudi. Vipande utaviunga baadaye. Usilazimishe mzee wa miaka 70 akae saa nzima katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya usafi wa sauti.

Laptopu nayo ina feni yake, ambayo huanza kulia pale pale joto linapopanda. Iweke nyuma ya maiki, mbali kadiri waya unavyofika. Chomoa chaja na utumie betri: chaja nyingi za bei rahisi huingiza mlio mwembamba kwenye waya wa USB, na stima ikikatika katikati ya shairi hutapoteza kitu.

Kuhusu saa, mimi napendekeza baada ya alfajiri, watu wakiwa wamerudi kutoka msikitini na jua halijachomoza. Kuna baridi kidogo na barabara haijaamka. Jua likishachomoza, mabati huanza kutanuka na kupasua sauti ndogo ndogo za ‘tak, tak’, na jioni hufanya hivyo tena yakipoa. Baada ya isha wengi huona kumetulia, ila huo ndio wakati majirani wanatoka nje kuongea. Adhana hazianzi kwa sekunde moja misikiti yote, kwa hiyo tengeni nafasi ya kutosha kabla na baada.

Umbali na kipimo

Kaa shibiri moja kutoka kwenye maiki. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako huongezeka kama desibeli 6 huku kelele za chumba zikibaki vile vile. Kusogea ni bora kuliko kuongeza kitufe cha nguvu.

Jua pia mbele yake ni wapi. Maiki kama Blue Yeti, iliyotoka mwaka 2009, husikia kwa ubavu, upande wenye nembo. Anayeielekeza kichwa kama maiki ya sherehe anaongea pembeni. Maiki hiyo ina chaguo nne za upande wa kusikiliza. Msemaji mmoja achague ile inayosikia mbele na kupuuza nyuma. Mahojiano ya wawili wanaotazamana, ile ya mbele na nyuma.

Kwenye programu kama Audacity, ambayo ni ya bure, jaribu kwa sauti yako kubwa kabisa na upunguze nguvu mpaka kilele kiwe kati ya desibeli -12 na -6. Kikifika sifuri sauti hupasuka, na iliyopasuka haishoneki. Kabla ya kuanza, nyamaza sekunde kumi huku ukirekodi. Kimya hicho ndicho programu itakachotumia kutambua mvumo wa chumba na kuupunguza. Upunguze kidogo tu. Ukizidisha, msemaji huonekana anaongea akiwa ndani ya maji.

Miongozo mingi huonya juu ya herufi P, ambayo hupuliza upepo. Kisomali cha asili hakina P. Wanaorekodi Kisomali wajihadhari zaidi na B, na pumzi za kh na x zitokazo kooni. Wanaosoma Kiswahili wana P tele. Dawa ni moja: kitambaa chepesi cha nailoni kilichovutwa kwenye duara la waya, vidole vinne mbele ya maiki, na maiki iinamishwe kidogo pembeni ya mdomo.

Kwa buraanbur, mashairi ya wanawake wa Kisomali, mambo hugeuka. Akina mama wanaimba, wanapiga makofi na ngoma, na huwezi kuwapanga shibiri moja. Chagua kusikia pande zote, weka maiki katikati ya duara kwa urefu wa kifua cha aliyeketi, ngoma iwe mbali kuliko waimbaji, kisha pima nguvu kwa ngoma, si kwa sauti.

Jina na faili

Mashairi ya Kisomali yalisafiri kwa kaseti miaka mingi. Mfululizo wa mashairi uitwao Deelley, ulioanza 1979, ulienea hivyo, kanda ikinakiliwa kutoka kanda. Kabla ya kaseti walikuwepo wahifadhi wa mashairi, na desturi yao ilikuwa kumtaja mtunzi kwanza. Tuifuate. Mwanzo wa kila rekodi taja mtunzi, msomaji, mahali na tarehe, kwa sauti, maana jina la faili hubadilika likipita simu kumi. Omba idhini kabla ya kubonyeza, na kama bibi anasema shairi fulani ni la nyumbani tu, libaki nyumbani.

Hifadhi nakala kamili ya WAV. Kwa sauti ya mkondo mmoja ya biti 24 na kilohezi 48, nusu saa ni takriban megabaiti 260. Ziweke kwenye diski mbili, katika nyumba mbili. Kwa jamaa walioko Dadaab au Wajir, tengeneza MP3 ya kilobiti 64, ambayo kwa nusu saa hiyo hiyo haifiki megabaiti 15, na uitume WhatsApp kama waraka, si kama ujumbe wa sauti, ili isibanwe tena. Maiki ikishapoa ifunike kwa mfuko kabla ya kuirudisha kwenye sanduku, maana vumbi la huku huingia hata kabati iliyofungwa.