Kabla ya Geneva, Ulyankulu

Msikilizaji, mwanafunzi wa sheria akisema anataka kazi ya haki za binadamu kimataifa, mawazo yake hukimbilia Geneva na The Hague. Aende, namwombea heri. Lakini kwanza apande basi la Ulyankulu, hapa mkoani Tabora.

Huko, tangu 1972, walipokelewa watu waliokimbia mauaji ya Burundi. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakazaa na kujukuu, na wajukuu nao wakaitwa wakimbizi katika nchi waliyozaliwa. Mwaka 2014 serikali yetu ikaanza kutoa hati za uraia kwa watu zaidi ya 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Ni tendo la heshima, ambalo nchi nyingi tajiri kuliko yetu hazijathubutu. Ila hati haziji zenyewe. Anatakiwa mtu anayeijua sheria ya wakimbizi na ya uraia, na mwenye subira ya kukaa na bibi kizee mpaka jina lake liandikwe sawasawa.

Uzito wa hati za namna hiyo ulionekana Arusha mwaka 2018. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua shauri la mtu aliyevuliwa uraia wa Tanzania na kufukuzwa. Kenya nayo ikamkataa, akakwama mpakani Sirari, si wa huku si wa kule. Mahakama ilisema kwamba, kwa kuwa alikuwa na hati za Tanzania, ni juu ya serikali kuthibitisha kuwa si raia.

Sisi wa Unyanyembe, hapa Tabora, hilo lituguse zaidi, maana tunajua mtu asiye na sheria ya kumlinda hufanywa nini. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa na pembe za ndovu pamoja na watu wa kuuzwa, na sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja 1922.

Njia ya kazi hii ya haki za binadamu kimataifa ipo, na Mtanzania ameshaipita. Jaji Mohamed Chande Othman alikuwa mwendesha mashtaka katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kisha Timor ya Mashariki, akarudi kuwa Jaji Mkuu wetu.

Kijana, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Jiunge nao likizo hii. Jifunze na Kifaransa, lugha ya nyaraka nyingi za jirani zetu.

Na serikali: mwaka 2019 mliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kuifikia mwenyewe Mahakama ile ya Arusha. Mahakama iko nchini mwetu. Lirudisheni.